Mwiko wa Wifi Tabaka

Wifi yangu nitamsema, na asitegemee nitamsema vizuri. Yeye mwenyewe sijawahi kumsikia akimsema mtu vizuri tangu nimjue, akianzia na mimi. Siku niliyoingia kwao kama bibi harusi, watu wamejipanga kunipokea, yeye alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akamgeukia mdogo wake, ambaye ndiye mume wangu, akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu ni mafuta. Ngoja utaona, atapanda juu."

Watu walicheka wakidhani ni utani wa mawifi. Haukuwa utani. Kwa mtu anayetengeneza losheni hakuna tusi zito kama hilo, maana mafuta yakishapanda juu ya chupa, kazi yote imeharibika. Mimi siku hiyo sikulijua hilo. Nilicheka pamoja na wengine, na kila nikikumbuka kicheko changu kile napandwa na hasira upya.

Mtaani anaitwa Tabaka, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Kazini, chupa ikionyesha hata mstari mwembamba wa mafuta, anaisukuma kando na kusema, "Hii ina tabaka." Akazoea. Chai ikikaa kidogo maziwa yakatanda juu, ina tabaka. Mgeni akicheka sana, huyo ana tabaka. Ndoa yake, aliyoivunja kabla nguo za harusi hazijachakaa, akiulizwa ilipatwa na nini anajibu neno hilo hilo, "Ilikuwa na tabaka," na hapo maongezi yamefungwa.

Nisije nikaambiwa namsingizia, nitaeleza na alikotoka. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado anapanguswa kamasi. Wifi akaacha shule, akaenda kufagia kiwanda cha sabuni na losheni ili mdogo wake asome. Alipewa chumba cha kuchanganyia, na humo alifagia na macho yake pia. Kila walichofanya wachanganyaji alikichota. Siku mmoja wao alipougua, aliegemeza ufagio ukutani, akashika mwiko bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyethubutu kumwambia auache. Kiwanda kilipokuja kufungwa, wenzake waliondoka na masufuria, viti, hata balbu. Yeye aliondoka na mwiko tu.

Mwiko wenyewe ni wa mti mgumu, mrefu unamfika begani, na ncha yake imekuwa nyeusi kwa joto na mafuta. Pale anaposhika pamelika kwa umbo la vidole vyake. Aliuleta nyumbani, akajenga banda la bati nyuma ya nyumba, akatia sakafu ya saruji, jiko kubwa la gesi na sufuria inayofika kiunoni, akaanza. Dirisha la banda lile ni moja tu, na alilitoboa mahali ambapo jua la asubuhi linaangukia ndani ya sufuria moja kwa moja. Kwa hiyo tunachanganya asubuhi, kila mara, hata mtu awe na homa.

Katika nyumba yetu mwenye mwiko ndiye mwenye kauli. Yeye ndiye anayesema leo kuna kazi au hakuna, chupa hii itoke au irudi, nani aingie bandani na nani abaki nje. Mume wangu anapeleka chupa madukani na kuitwa meneja, lakini hata yeye akiingia bandani anavua kofia. Mimi, miaka yote hiyo, nilikuwa mshika jagi.

Sasa lazima nieleze kazi, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilitaka kumnyonga mwanamke huyu. Mafuta na maji hayapendani, hilo kila mwenye jiko analijua. Ili yakae chupa moja tunatia nta, vipande vyeupe vinavyofanana na mabaki ya mshumaa. Nta hii si kama sabuni ya kufulia. Sabuni ya kufulia ina msimamo wake. Nta yetu haina upande. Kinachoitawala ni joto. Ikiwa ya baridi inaelekea kwa maji. Ukiipasha moto inayaacha maji taratibu na kuhamia kwa mafuta. Katikati ya safari hiyo kuna kitambo kidogo ambapo haijui imekaa wapi, na hapo ndipo mafuta na maji huingiana mpaka yale maziwa mazito yanalainika, yanang'aa, yanakuwa na buluu kwa mbali na unaweza kuuona mwiko ndani yake. Ukimwaga maji ya baridi wakati huo huo, kwa mkupuo, huku mwenzako anakoroga bila kusimama, mafuta yanakatika vipande vidogo mno na losheni inakaa hadi mwaka ugeuke. Ukizubaa, ukaacha kukoroga palepale kwenye buluu, mchanganyiko unajigawa. Mafuta juu, maji chini, na katikati tabaka la tatu ambalo limebeba nta na kidogo cha kila mmoja, halina faida kwa mtu.

Kama unataka kuielewa nta vizuri mtazame mume wangu. Asubuhi kukiwa na ubaridi yuko upande wa dada yake. Usiku akishapata joto anahamia kwangu. Nimeolewa na nta.

Mwenye akili zake atauliza kwa nini hatutumii kipimajoto. Tunacho. Kinaning'inia ukutani kama picha ya marehemu. Mume wangu alikinunua, akaandika kwa chaki mlangoni joto ambalo buluu ilitokea siku hiyo, akasema sasa kazi imekuwa rahisi. Wiki iliyofuata tulitia manukato mapya. Kumbe manukato yanaivuta buluu iwahi, na kiangazi maji ya bomba yakiwa na chumvichumvi inawahi tena, na mafuta yakiwa mazito inachelewa. Mume wangu akasubiri namba yake ya mlangoni wakati buluu ilikuwa imeshakuja na kwenda zake. Losheni ile iligawanyika kabla haijafika madukani. Wifi aliifuta chaki kwa kiganja, na kuanzia hapo jicho lake ndilo likawa sheria.

Kwa muda mrefu tulichanganya kwa kununiana tu. Yeye anakoroga, mimi nimeshika jagi, salamu hakuna. Buluu ikitokea anasema, "Mwaga," namwaga, yamekwisha. Lakini tangu mwaka jana akaanza vituko. Tukifika pale penyewe, wakati ambao mtu anatakiwa atulie, ndipo ananichokoza.

"We mkosa macho, unatazama nini humo? Hivi hata rangi ya losheni unaijua, au ulikuja kwetu kula tu?"

Na mimi mdomo wangu hauna breki. "Nakula jasho langu! Na rangi naijua, bado ni nyeupe pe, tena nzito!"

Anafyonza. Anakoroga. Baada ya kitambo anaanza tena. "Bado umesimama hapo kama mlingoti? Unaona nini?"

"Naona buluu! Unataka nione nini, malaika?"

"Basi mwaga, unasubiri kuandikiwa barua?"

Namwaga kwa hasira. Kila mchanganyo ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa natoka bandani nikiwa na maumivu ya taya kwa kusaga meno, na nikimlalamikia mume wangu ananiambia, "Dada anazeeka, mvumilie." Wakati huo ilikuwa bado asubuhi, kwa hiyo sikushangaa.

Basi, nikafiwa na shangazi yangu, nikasafiri kwenda kuzika. Nyuma yangu kulikuwa na mchanganyo, na wa kushika jagi akaitwa jirani yetu fundi cherehani, mwanamke mpole mpaka anakera. Niliporudi nilikuta chupa zimejaa kibarazani. Zimerudishwa na maduka, zote, na kila moja ina mafuta juu vidole viwili.

Sitaficha, nilifurahi. Nilienda kwa fundi cherehani nisikie habari nzima, tena nikakaa kabisa.

"Dada yenu ana maneno," alisema huku anatunga uzi. "Nimeshika jagi langu, akanitukana. Nikamwambia samahani dada. Akanitukana tena, ati naona nini. Nikamwambia nisamehe dada yangu, mimi si mwenyeji wa mambo haya. Akanigeukia hivi, kama mtu anayetaka kulia, halafu akasema tu, mwaga. Nikamwaga."

Nilicheka sana. Nilidhani namcheka mtu aliyeishiwa ujanja.

Mara hii mume wangu naye alikuwa amechoka. Wakati wa chakula, mbele yangu, akamwambia, "Dada, mchanganyo wa kesho nitasimama mwenyewe nione. Ukiharibika, mwiko atashika mke wangu." Wifi aliendelea kula akiwa ameinamia sahani. Mimi kijiko changu kilisimama hewani, na moyoni nilipiga vigelegele.

Jioni ile nilikwenda bandani kuosha jagi. Kwenye kizingiti cha dirisha huwa tunaweka chupa moja ya kila mchanganyo, tunaziita mashahidi. Ukitaka kujua losheni ya miezi iliyopita imekaaje, unaitazama shahidi wake. Wifi alikuwa amesimama pale, ameshika shahidi wa ule mchanganyo ulioharibika. Mafuta yake hata mimi niliyekuwa mlangoni niliyaona. Nilisubiri lile neno lake.

Aliigeuza chupa. Akaisogeza karibu na uso mpaka ikagusa pua. Akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha.

"Mbona hii iko sawa?" akajisemea.

Mtu ambaye aliona tabaka kwenye chai, kwenye kicheko cha mgeni, kwenye ndoa yake, ameshika chupa yenye tabaka la vidole viwili na haoni kitu. Alipogeuka kutafuta mahali pa kuiweka, mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni, na katikati ya macho yake, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama losheni ambayo bado haijafika kwenye buluu. Alinitazama moja kwa moja na hakuniona. Nilirudi nyuma polepole na jagi langu chafu.

Sikulala vizuri kwa hasira. Unaona nini, unaona nini, mwaka mzima! Mwanamke huyu aliyakodi macho yangu na kodi yenyewe akanilipa kwa matusi. Kila losheni nzuri iliyotoka katika banda lile kwa mwaka mzima niliiona mimi, na sifa akachukua yeye, na juu yake nikaitwa mkosa macho. Kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Sitamwaga chumvi ndani ya sufuria, sitagusa jiko, sitamsema kwa mtu. Nitanyamaza tu. Akiniuliza naona nini, nitanyamaza, na mwiko utakuja wenyewe.

Mume wangu alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Wifi alikuwa anakoroga, amevaa kitambaa chake cha kazini, mgongo umenyooka. Nta ikayeyuka, sufuria ikawa nyeupe, ikawa nzito. Mvuke ukaanza.

"We mkosa macho," akasema. "Unatazama nini humo?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe, mafuta yaliyopanda juu. Umekuja kula tu hapa?"

Kimya. Mume wangu alikuna kichwa. Maziwa yalianza kulainika, na mwiko ukawa unapita kwa wepesi. Niliona anainamisha sikio kuelekea sufuria. Kisha akasogeza pua. Halafu akaweka kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa sufuria, chuma cha moto, kujaribu kukisia, na hakukitoa. Nilisikia harufu. Hakukitoa.

Buluu ilianza pembeni, ikasogea katikati.

"Leo huna mdomo?" akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kweli leo umekosa hata tusi moja la kunipa?"

Sauti ya mtu anayeomba naijua. Kwake sikuwahi kuisikia, na niliichukia kuliko matusi yote aliyowahi kunipa. Nilikuwa nimejiandaa kumwangusha adui yangu, mwenye kiburi chake na mgongo wake ulionyooka. Sikujiandaa kwa mtu anayeunguza mkono wake kimyakimya ili mdogo wake asijue. Nilimwonea huruma, na kumwonea huruma kulinikasirisha hadi nikaona giza.

"Kipofu ni wewe!" nikapiga kelele. "Imekuwa buluu sufuria nzima, mpaka mwiko wako unaonekana ndani, na wewe umesimama hapo kama gogo! Kipofu mkubwa wewe!"

"Mwaga!"

Nikamwaga. Alikoroga kama mtu anayepigana, na losheni ikatulia nyeupe, nyepesi, na ile buluu ya mbali inayoonyesha kwamba imekubali.

"Jamani, nyie mtagombana mpaka lini?" mume wangu akauliza. Aliteka kidogo kwenye chupa, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mezani, akavaa kofia. "Haya, iko vizuri. Dada, nisamehe." Akaenda zake. Alikuwa ametangaziwa habari nzima kwa sauti ya juu na hakusikia kitu.

Nilizima jiko. Wifi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono ulioungua ameufumbata mapajani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Macho."

Alikipuliza kiganja kilichoungua. "La kushoto zamani. La kulia limefuata mwaka jana. Kwanza nilidhani ni mvuke."

"Na ukashindwa kuniuliza kama mtu? Wifi, nisaidie, sioni. Maneno matatu."

"Ningekuuliza kwa upole, ungefikiri kwanza," akasema. "Ungejiuliza, huyu akikosea mimi napata nini. Na ukishafikiri, ungenidanganya. Lakini wewe ukikasirika linatoka lile lililo mbele ya macho yako, huna muda wa kutunga. Nakujua. Kuliko anavyokujua mdogo wangu, yule nta wako."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumzaba kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu usiku uliopita nilikuwa nimefikiri.

"Kesho unakwenda hospitali."

"Nikienda, nani atashika mwiko?"

"Mimi."

"Ndiyo maana siendi."

"Basi sikiliza," nikamwambia. "Leo nimekujibu, kesho sitakujibu. Chagua: ukae na mwiko usiouona, au upate macho bila mwiko. Na nikishaupata sirudishi, ng'o. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

Alipapasa ule mpini uliolika, taratibu, kidole kwa kidole. "Ulivyo mbaya," akasema hatimaye. "Lakini angalau ukiwa na hasira unasema kweli."

Tulikwenda. Njiani tuligombana juu ya akae upande gani wa kiti, na hospitali tuligombana mbele ya daktari, aliyetuuliza kama sisi ni mtu na mama yake. Tulimtazama kwa jicho baya wote wawili. Alisema ni mtoto wa jicho, kote kote, na kwamba anatolewa. Watatoa la kulia kwanza, kisha la kushoto. Akamkataza moshi, mvuke na kuinama mpaka atakapomruhusu. Wifi alimuuliza kama kukoroga ni kuinama. Daktari akasema ndiyo. Sikumtuma aseme hivyo, lakini sikuhuzunika.

Kabla hajaondoka kwenda kufanyiwa upasuaji, aliusimamisha mwiko mlangoni mwa banda. "Usiuloweke," akaniambia. "Utapasuka."

Kwa hiyo nikashika mwiko. Vidole vyangu havikukaa vizuri kwenye mashimo ya vidole vyake, lakini mtu huzoea. Fundi cherehani alikuja kunishikia jagi, akawa anasema ndiyo dada, sawa dada. Mchanganyo wa kwanza ulikubali, na wa pili, na uliofuata. Mume wangu akaanza kuniuliza mimi kwanza kabla ya kuahidi maduka kitu, asubuhi kwa jioni. Wenye maduka wakaanza kuniita mama mwenye losheni. Bandani kulikuwa kimya. Kuna watu wangependa niseme niliikosa sauti yake. Sikuikosa. Nilikuwa natoka pale taya haziniumi, nimenyooka kama mtu mwenye nyumba yake.

Asubuhi moja nilikuwa peke yangu. Fundi cherehani alikuwa na nguo za watu za kumaliza, kwa hiyo jagi nilikuwa nimeliweka mezani, karibu nami, nilinyakue wakati ukifika. Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi. Alikuwa ameruhusiwa siku iliyotangulia. Alivua miwani myeusi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja dirishani kwa mashahidi. Akaanza kuwashika mmoja mmoja, wale wa mwaka mzima ambao aliwapika bila kuwaona. Anageuza, anatazama kwenye jua, anarudisha. Yule mbovu alimtambua kabla hata hajamshika.

"Hii ina tabaka," akasema, akaisukuma kando. Akaendelea mpaka mwisho wa kizingiti. Kisha akasema, si kwangu hasa, ni kama kwa chupa, "Hizi zingine zote nzuri. Hukunidanganya hata mara moja."

"Hukunipa nafasi," nikasema.

Akanigeukia, akanikazia macho. Yalikuwa meusi, makali, kama ya siku ile ya harusi.

"Kumbe umeota mvi."

"Nimezipata kwako."

Alisogea karibu na sufuria. Nilikuwa nimekaribia, maziwa yalikuwa yameshaanza kulainika, lakini sikuyatazama, nilimtazama yeye. Nilisubiri matusi. Nilikuwa na majibu tayari, nimeyaweka akiba kwa majuma.

"Wifi," akasema, na mkono wake wenye kovu akaunyoosha kidogo tu. "Naomba mwiko wangu."

Aliomba kwa upole. Hapakuwa na kejeli ndani yake, nilitafuta nikakosa. Na mimi, kama alivyosema yeye mwenyewe, nikaanza kufikiri. Nilifikiria mama mwenye losheni. Nilifikiria mume wangu anayeniuliza kwanza. Nilifikiria miaka ya jagi, na kwamba nilimwonya mapema, na kwamba hakuna mtu wa kunilaumu. Kila sababu niliyoipata ilikuwa nzuri, na bado zilikuwa zinakuja. Mkono wangu ulikuwa umesimama. Mwiko ulikuwa umesimama. Ndani ya sufuria buluu ilikuwa imeshafika na hakuna aliyekuwa anaikoroga, na kando ya ukingo mafuta yalikuwa yanaanza kujikusanya.

"Tabaka!" wifi akapiga kelele. "Tabaka linapanda, mkosa macho wewe! Unatazama nini usoni kwangu? Mwaga maji, mjinga!"

"Mjinga ni wewe uliyekuja kunizubaisha!" nikamrudishia, nikalinyakua jagi kwa mikono miwili, nikamwaga yote kwa mkupuo. Sufuria ikatoa mvuke, mchanganyiko ukazunguka kwa kasi, mafuta yakavutwa chini yakapotea, na losheni ikatulia nyeupe yenye buluu kwa mbali, bila mstari. Aliniita goigoi, nikamwita gogo la mtu, na tuliendelea hivyo mpaka povu likaisha juu.

Nilipoliweka jagi chini ndipo nikaona mwiko uko mkononi mwake, vidole vimeingia kwenye mashimo yake. Sikumbuki kuutoa.